Mama Alivyokaa Kitako Kwenye Lelwapa

Mtaa wa Phaphane,
Mochudi,
Botswana.

9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Ditiro,

Hamjambo huko Edmonton? Wifi yangu mgongo unaendeleaje, na wewe kazi inakwendaje? Baridi imeshaanza kuwatafuna au bado inanoa meno? Sisi huku tu wazima kabisa. Mama hajambo. Miguu inamvimba jioni, lakini mdomo haujapata kuumwa hata siku moja. Shemeji yako anakusalimu kutoka malishoni, yuko na ng'ombe anasubiri mvua zishike. Mimi pia sijambo, ila sauti imenikauka, na sababu yake utaiona ukisoma mpaka chini.

Najua umenipigia simu wiki nzima sikupokea. Sikuwa nimekununia. Mikono ilikuwa imejaa mavi ya ng'ombe, na ilipopata nafasi ya kunawa nikaona bora nikuandikie, maana kwenye simu wewe huniachi nimalize sentensi. Hapa utanyamaza tu, upende usipende.

Kwanza tuliza moyo. Gorata ameposwa, na ameposwa kwa heshima. Wakwe wamekula, wamecheka, wamekwenda zao wakituimbia. Mwanao anatembea hapa uani kama mtu aliyepakwa mafuta mwili mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kulitafuta. Sasa rudi juu taratibu nikusimulie, maana nusura tuaibike, na chanzo kilikuwa ile ramani yako ya kukarabati nyumba.

Usinune. Najua ulivyowaza. Wakwe wa Molepolole wana nyumba ya ghorofa, na wewe hukutaka binti yako aombwe kwenye nyumba ya mabati yenye kutu. Nia ilikuwa njema na Mama mwenyewe anakuombea kwa hilo. Lakini ramani hiyo mliichora wewe na rafiki yako mkiwa mmezungukwa na theluji, na huyo rafiki hajawahi kukanyaga Mochudi. Sebule kubwa mliiweka. Jiko la ndani, choo cha ndani, marumaru za kung'aa, vyote mkaweka. Halafu mbele ya nyumba, juu ya lelwapa la Mama, mkachora kivuli cha kuegesha magari mawili. Mama hana hata baiskeli.

Hivi Ditiro, lelwapa ulilisahau kweli? Ule uwanja wetu wa mbele wenye ukuta mfupi, tuliokuwa tunaukalia tukila ukoko wa ugali? Sakafu ambayo Mama anaisiriba kwa udongo na samadi, kisha anaichora mistari kwa vidole, na wewe unaikanyaga kabla haijakauka unakula kofi? Pale ndipo nilipoposwa mimi. Pale ndipo walipokaa wazee kumpa Baba mkono wa buriani. Wewe ukaona panafaa gari lilale.

Basi tukampata Fundi Moeti, mtoto wa yule mzee wa trekta. Mkono wake ni mzuri, hilo simnyimi, ila ana ugonjwa mmoja: hajui kusema hapana. Wewe ukampigia simu ukamwambia aanze kwa kuvunja lelwapa ili lori lipate njia. Akakujibu ndiyo, bwana. Mimi nikamwambia aanze na jiko. Ndiyo, dada. Mama akamwambia asiguse kitu mpaka yeye arudi kutoka kanisani. Ndiyo, bibi. Mtu wa watu huyo alikuwa na mabosi watatu na kila mmoja anamwamini. Kulipokucha Jumatatu akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyemwagiza. Akaezua paa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema aliona paa ndilo pekee ambalo hatujaligombania.

Mabati mapya nayo hayakuwa yamefika, na yalipofika yalikuwa mafupi. Duka la Gaborone liliyakata kwa kufuata ramani yako, na ramani yako haikupimwa kwenye nyumba hii, ilipimwa kwenye kumbukumbu yako. Inaelekea ulipokuwa mdogo nyumba yetu ilikuwa nyembamba. Juu ya hayo tukakuta mchwa wamekula kenchi zote za upande wa mashariki. Ukizishika zinamomonyoka mkononi kama keki ya jana. Ikawa nyumba iko uchi, makochi ya Mama yamefunikwa turubai, na yeye na Gorata wamehamia kwenye kile kibanda cha msonge cha nyuma, wanalala na magunia ya mtama.

Siku iliyofuata Moeti akakumbuka agizo lako. Akaja na nyundo kubwa mpaka kwenye lelwapa. Mama akamwona. Hakupiga kelele. Alichukua kigoda chake na beseni la kunde, akaenda akakaa katikati kabisa, akanyoosha miguu, akaanza kumenya.

"Bibi, naomba usogee kidogo, vumbi litakuingia," Moeti akamwambia.

"Vunja tu mwanangu. Anzia hapa nilipokaa."

"Ndiyo, bibi." Kisha akaweka nyundo chini, akakaa na yeye, akamsaidia kumenya kunde mpaka zikaisha. Nilicheka hadi nikashika mbavu, ingawa nilikuwa na hasira za kutosha.

Mama alikaa pale kila siku. Akitoka ni kwenda kulala. Nilimfokea, nakwambia ukweli. Nikamuuliza inakuwaje nyumba haina paa na yeye analinda ukuta wa udongo. Akanitazama mikono. "Paa litarudi. Huu ukivunjwa nani atausiriba tena, wewe mwenye kucha nyekundu?" Kucha zilikuwa nyekundu kweli, nilizipaka kwa ajili ya sikukuu ya kanisa.

Katikati ya vurugu hizo ndipo Mjomba Oteng akaja na habari. Wakwe hawawezi tena kungoja Desemba mtakapokuja ninyi. Mzee wao, yule mwenye kauli, amepewa nafasi ya kupasuliwa jicho, na baada ya hapo atafungwa uso muda mrefu. Wanakuja Jumamosi alfajiri kuomba mke.

Ditiro, nilianza kuhesabu siku kwa vidole. Unajua mambo yetu. Ujumbe ukija ukakosa pa kuketishwa unageuza njia, na ukigeuza, maneno yanaanza, na maneno ya Molepolole yanafika Mochudi kabla ya chai. Gorata aliingia kwenye kile kibanda akalia mpaka nguo ya kulalia ikalowa. "Shangazi, sasa nitaposwa wapi, barabarani?" Nikamkumbatia. Moyoni nilikuwa nakutukana wewe, samahani.

Mama akaja akasimama mlangoni na beseni lake la kunde. "Kwani wanakuja kukagua vyumba? Nani katika ukoo huu amewahi kuombwa sebuleni? Gorata, futa makamasi ulete ndoo. Seipati, wewe nenda zizini."

Nikaenda zizini, mimi na kucha zangu. Wanawake wa mtaa mzima walikuja na ndoo, wengine na nyimbo. Tulisiriba ukuta, tukasiriba sakafu, tukaimba mpaka sauti zikakatika. Mama alimshika Gorata kidole akamfundisha ile mistari ya mawimbi, ambayo mimi aliwahi kunifundisha nikamkimbia. Mtoto ana mkono, usimchezee. Moeti tulimtuma udongo, na safari hii kila aliyemtuma alimtuma kitu kilekile, kwa hiyo ile ndiyo yake ikawa na faida kwa mara ya kwanza.

Jumamosi wakaja kabla jua halijachomoza. Wanaume wamevaa makoti, wanawake wamejifunga shali na pini begani, nguo za bluu zimenyooka. Waliingia wakaketi chini kwenye lelwapa, miguu mbele, mgongo kwenye ukuta, na sisi upande wetu vilevile. Nyuma yetu nyumba haina kichwa. Niliona mmoja wa wale mashangazi zao anaitazama, nikajua hapa ndipo pa kuumbuka.

"Naona mmeezua," akasema.

"Tumeiacha wazi baraka zipate pa kuingilia," Mama akamjibu bila kupepesa macho.

Walicheka wote, hata yule mzee wa jicho. Kutoka hapo mambo yakalainika. Mzee akakohoa akasema wamekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji. Mjomba Oteng, unamjua, hawezi kuacha utani. "Vibuyu tunavyo vingi. Mnataka kipi, au tuwape kile chenye ufa?" Mzee akasema wao wamekuja kwa kibuyu kimoja tu, Gorata wa Ditiro. Mdogo wangu, jina lako lilitajwa pale. Pale pale ulipokuwa unakula makofi. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Tulipokuwa tunakubaliana, mvua ikaanza. Si kubwa, ya kunyunyiza, ya kwanza msimu huu. Nyumba ilikuwa inalowa ndani, turubai linapigapiga, na hakuna aliyeinuka. Wanawake wa pande zote wakainua nyuso juu wakaiitika mvua kwa jina lake, "Pula", na hata Gorata aliyekuwa amejificha kibandani nilimsikia anaitika, wakati hakutakiwa kusikika. Kisha tukala nyama ya kutwanga na ugali wa mtama uliopikwa na tikiti, na gemere, kinywaji chetu cha tangawizi, ilikwisha yote. Harusi ni Desemba, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi.

Sasa turudi kwenye nyumba, na usidhani nimekataa ukarabati. Mvua zimeanza, paa lazima lirudi haraka. Lakini kuanzia leo anayezungumza na Moeti ni mmoja tu, na huyo ni mimi. Wewe ukiwa na wazo niambie, nitalichuja. Mabati nimeyaagiza upya baada ya kuipima nyumba yenyewe kwa kamba, kona kwa kona, na sikuruhusu mtu apande ukutani mpaka nilipoyaona uani. Kenchi ni mpya zote, maana anayebadilisha zilizooza tu huwaachia mchwa za mwakani.

Choo cha ndani kinabaki, Mama anakitaka sana ingawa anajifanya hakitaki. Mlango wake utafunguka kwa nje. Kwenye ramani yako ulifunguka kwa ndani, na mzee akiangukia nyuma ya mlango wa namna hiyo tutamtoaje? Marumaru zako za kung'aa nimezirudisha dukani. Moeti aliikanyaga moja na viatu vilivyolowa akaenda chini mzima mzima, na yeye ana miguu ya kijana. Tumechukua za kukwaruza, si nzuri kama zile, ila Mama atatembea. Magari yako mawili yatalala nyuma, jirani na mbuzi.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Jumapili jioni nilimuuliza Mama swali ambalo sote tulilisahau tulipokuwa tunachora na kuezua. Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini kwenye nyumba hii. Nilidhani atasema jiko la gesi. Akasema anataka dirisha. Jiko lije mbele, sebule irudi nyuma, na dirisha la jiko litazame lelwapa.

Nikamwambia huko ni kupindua nyumba nzima, na la kutazama ni nini, ukuta wa udongo?

"Geti," akasema. "Mnadhani miaka yote hii napikia nje kwa sababu napenda moshi? Ukikaa hapa kwenye lelwapa ndipo unapoliona geti. Mkinipeleka jikoni kule nyuma, Ditiro ataingia na mimi sitamwona."

Asubuhi yake nilimwita Moeti nikamweleza, akasema ndiyo, na safari hii hata mimi nilifurahi kuisikia. Nyumba bado haina paa lakini dirisha la jiko limeshawekwa, linatazama mbele. Kila asubuhi Mama analifuta kioo kwa gazeti, kisha anarudi kibandani kulala tena.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie shali yake ya ukwe nimeshaishona. Wasalimie na vijana wenu, Tumo na Lorato, waambie bibi yao anawawekea kunde za kumenya. Mjomba Oteng anakusalimu na anakukumbusha kwamba kibuyu chako hakina ufa. Gorata anakubusu mashavu yote mawili. Mungu awafikishe salama, na mvua iwakute njiani.

Desemba ukitua, usitupigie simu kutoka uwanja wa ndege, wala usitume mtu atangulie. Ingia tu getini.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukininunia,

Seipati