Baba Aliuliza Kama Fizikia Ina Kazi

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla baba hajanihamisha chuo. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma fizikia katika chuo kidogo ambacho hata majirani zetu hawajawahi kukisikia, darasa letu zima linatosha kwenye meza moja ya maabara, kifaa kikiharibika tunakifungua wenyewe na mhadhiri wetu anakaa nasi sakafuni akitumulikia tochi, na nampenda sana mzee huyo, maana hapokei jibu lolote ambalo hujaandika pembeni unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani, ukimletea jibu tupu anakurudishia, "Mwanangu, hapa hujapima, umetamani tu." Likizo iliyopita nikafanya mazoezi ya kazi hospitalini kwa mtaalamu wa mashine za mionzi, tukapima kama mionzi inavuja mlangoni kuelekea kwenye benchi wanakokaa kina mama na watoto wao, nikasema moyoni kazi yangu ni hii. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, baba akaniuliza mbele ya shangazi, "Hiyo fizikia, ukimaliza kazi utapata?" nami, sijui nilipatwa na nini, nikajibu kama niko maabara: "Uwezekano upo baba, ila siwezi kusema kwa uhakika." Shangazi akapiga makofi, "Si niliwaambia! Hata mwenyewe hajui!" Kesho yake baba akaanza kunitafutia nafasi ya uhasibu katika chuo kikubwa, na muhula ujao nahama. Najua anaogopa nitakuja kukaa nyumbani na cheti changu, lakini nikiikumbuka ile maabara machozi yananitoka. Nitii au nikatae?

Binti wa Maabara

Marahaba, binti. Pole sana, na sasa nikugombeze kidogo. Mzazi anakuuliza jambo linalomkosesha usingizi, wewe unamjibu kama unasahihishiwa mtihani! Hukudanganya, na ukweli wako nimeupenda, ila uliukata nusu. Mhadhiri wako hutaka jibu pamoja na shaka yake. Baba ulimpa shaka, jibu ukabaki nalo mwenyewe.

Basi rudi ukamalizie. Mweleze kazi unayoitaka ni ipi na inafanyikia wapi. Usimfiche kwamba utahitaji kusoma zaidi baada ya shahada. Ukiikosa hiyo kuna ualimu, kuna hali ya hewa, umeme wa jua, hata kuandika programu za kompyuta, na yote hayo yanamtaka mtu anayejua kupima na kukiri anapokosea. Mwombe mhadhiri akwambie waliomaliza kabla yako wako wapi, pamoja na waliohangaika. Kisha mpeleke baba hospitalini akaongee na yule mtaalamu. Shangazi naye mchukue, ukimwacha nyumbani atayabomoa yote! Usigombane na mtu, na usikubali kuhama kimya kimya. Uhasibu ni kazi njema kwa anayeupenda.

Nikwambie na langu. Mwaka juzi niliugua sana, nikatibiwa kwa mionzi. Nilipopona nilimshukuru daktari, nikawashukuru wauguzi, hata mfagiaji nilimpa mkono. Sikujiuliza kamwe ni nani aliyehakikisha ile mionzi inanifikia pale penye ugonjwa tu, wala haizidi. Kumbe ni mtaalamu kama yule wako wa hospitalini; nimemjua leo, kupitia kwako. Mwambie baba kwamba bila mtu wa namna hiyo, barua yako isingepata wa kuijibu.