Chai Aliyomiminiwa Mkaguzi

Duisburg, Jumapili alasiri

Kaka yangu Nihat,

Nabusu mkono wako kama inavyompasa mdogo, ingawa wiki hii mkono huo ningeuuma kwanza. Natumai wewe na Wifi Şengül hamjambo, kikohozi chake kimepungua, na duka la samani halikutoi jasho sana. Sisi tupo. Baba ni mzima kwa kiasi cha mzee wa miaka themanini aliyepigwa na kiharusi, yaani si mzima, na hilo ndilo lililonikalisha hapa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hujui kunyamaza, na barua huwezi kuikatiza.

Jumatano ulimpigia Baba nikiwa kazini dukani kwa mikate. Nilipofungua mlango saa saba mchana nilimkuta amekaa palepale nilipomwacha alfajiri, simu mapajani, macho ukutani. Nikamuuliza kulikoni, akasema Nihat anawasalimu. Salamu gani hizo, Kaka? Bi. Sabahat wa mlango wa pili, niliyemwachia ufunguo wa akiba, aliingia kumtazama wakati unafoka, akasikia kila neno, maana sauti yako haijawahi kuhitaji simu. Ulimwambia: “Umejiponza mwenyewe kwa kiburi chako! Ungelala kitandani ukaguna kama wazee wenzako, leo ungekuwa na muuguzi.” Halafu ukamwambia umeshamkatia tiketi ya tarehe ishirini, ya kwenda tu, arudi kwetu Zonguldak, Uturuki. Alipokutajia kaburi la Mama lililo hapa ukamjibu kwamba Mama hakimbii. Tangu siku hiyo anakula vijiko viwili vya supu anasema ameshiba.

Nilikasirika, Kaka. Lakini ngoja nianze na wale wa ofisi ya bima, kwa sababu hasira yangu kwao ni ya zamani kuliko hii yangu kwako.

Unajua tulichoomba. Hatukuomba sadaka. Baba alikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima hii ya matunzo, na kabla yake alikatwa kwa mengine yote, miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi mgodini. Tuliomba mtu aje asubuhi amwinue, amwoshe, amlishe, awe naye hadi nirudi. Sasa hivi namfungia mlango saa kumi na moja alfajiri kwa ufunguo, kwa sababu mwezi wa kumi alitoka akashuka ngazi bila viatu akaanguka. Ndiyo, namfungia baba yangu kama mbuzi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalopigania.

Siku mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, mambo yalikwenda kama nilivyokusimulia. Baba alinyolewa, akavaa ile suti aliyovaa harusini kwako na tai. Nyumba ilipigwa deki mara mbili. Kile kiti chake cha choo kilikuwa nje kwenye roshani, kimefunikwa shuka. Bi. Vogel, mkaguzi mwenyewe, alipobisha hodi, Baba alikuwa ameanza kujiinua robo saa kabla, ili mgeni asimkute amekaa. Akasimama. Akatembea hatua sita akishika ukuta. Akammiminia chai kwa mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, birika likicheza, nami nikiomba Mungu asije akamuunguza mwanamke wa watu. Alipoulizwa hali akasema, shukrani kwa Mungu, hatuna malalamiko. Wewe ungemjibu nini mgeni aliyekaa kwenye kochi lako? Ungemwambia njoo uone uchafu wangu?

Basi barua ilipokuja nikaona chai ile imeandikwa. Naapa, Kaka! “Mwombaji anaandaa kinywaji na kumhudumia mgeni bila msaada. Mwombaji anatembea. Mwombaji anavaa nadhifu.” Suti niliyomvalisha mimi kwa dakika arobaini! Alama zinazotakiwa ili upewe muuguzi ni ishirini na saba, Baba akapata kumi na moja. Na chini kabisa kulikuwa na sentensi moja, nitaifikia. Tulipewa mwezi mmoja wa kupinga.

Niliwapigia simu. Kijana mmoja mwenye sauti ya kistaarabu akanieleza kwamba Bwana Rüstem, yaani Baba, alitembea. Nikamwambia alitembea hatua sita, na baada ya hapo alilala siku tatu hawezi kugeuka. Akasema hilo halimo kwenye ripoti. Nikamuuliza lingewekwaje kwenye ripoti wakati mkaguzi alikaa dakika thelathini na tano? Akanitakia siku njema. Nilipokata simu nilipiga kabati la jikoni teke, na mlango wake hadi leo haufungiki.

Aliyeniokoa ni Bi. Sabahat. Amesimamia udobi wa hospitali miaka ishirini na mitano, na Mjerumani mwenye muhuri hamtishi hata chembe. Alivuta kiti mezani pangu, akavaa miwani, akaniambia, “Binti, usiwaandikie kwamba unasikitika. Waandikie kwamba wamekosea.” Akaniamuru niweke daftari kwa wiki mbili: kila ninapomwinua, kila kifungo ninachomfungia, kila shuka ninayobadilisha. Nikasema mengine ni ya aibu. Akanijibu, “Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Andika!” Nikaandika. Wiki mbili zilijaza kurasa arobaini na moja. Tukazituma kwa barua ya rejista, na wakajibu kwamba Bi. Vogel atarudi Ijumaa.

Sasa ile sentensi ya chini kabisa. Ilisema: “Kwa maelezo yake mwenyewe, mwombaji anajimudu chooni mchana na usiku.” Bi. Sabahat aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kwa nini Baba alisema hivyo. Nikamwambia ni kiburi cha wazee, si unamjua. Nilikuambia na wewe hivyohivyo kwenye simu, na wewe ukambebea Baba rungu.

Kaka, Baba hakusema hivyo.

Bi. Vogel alipouliza habari ya choo, Baba alinitazama, akaniambia kwa Kituruki, taratibu, “Binti yangu, mwambie siwezi kujizuia. Mwambie wewe ndiye unayeniosha.” Alisema kweli, mzee mwenye suti na tai, mbele ya mwanamke mgeni. Nami nikageuka nikamtafsiria yule mama: anasema anajimudu, shukrani kwa Mungu. Kiti cha choo si yeye aliyeniambia nikifiche. Nilikiburuta mwenyewe hadi kwenye roshani.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu wewe na msikiti mzima mnaamini kwamba Bwana Cevdet, rafiki wa Baba wa msikitini, ndiye anayekuja kumwogesha. Bwana Cevdet alikuja mara mbili, mgongo ukamshinda, na hiyo ni miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ni mimi. Kazi ya mtoto wa kiume naifanya mimi, namuona baba yangu kama binti asivyotakiwa kumuona, na sikutaka litoke kinywani mwangu hata mara moja, hata kwa lugha ya watu wengine. Niliona haya. Basi nikaongopa, na barua ilipokuja nikamwachia Baba mzigo. Nimekuacha umtukane miezi minne.

Alhamisi, baada ya ile simu yako, nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia nilichofanya. Unajua alinijibu nini? “Nilisikia. Miaka thelathini na mmoja nimefokewa kwa Kijerumani gizani huko chini, nishindwe kukisikia sebuleni kwangu?” Nikamuuliza, mbona ulinyamaza? Akasema mtu hamsahihishi mwanawe mbele ya mgeni. Nikamuuliza, na Nihat alipokufokea, mbona hukumwambia? Akasema ungenigeukia mimi. Kisha akaniomba nimkune mgongo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa sikumvisha suti. Alivaa fulana na suruali ya kulalia, na kiti cha choo kilikuwa pale kinapokaa siku zote, karibu na kitanda. Bi. Vogel alikuja na mkalimani wao, kijana wa Ankara mwenye viatu vinavyong'aa. Baba akamwambia, “Kaa, mwanangu, kunywa chai. Binti yangu anatosha kutafsiri.” Mimi, baada ya yote yale! Swali likaulizwa tena. Baba akajibu yaleyale, neno kwa neno, na safari hii nikatafsiri: anasema hawezi kujizuia, na ninayemuosha ni mimi. Nililia nikitafsiri, na Baba akawa anatazama dirishani ili asinione. Halafu nikamwambia Bi. Vogel, kwa kinywa changu mwenyewe, kwamba mara ya kwanza mkalimani alikuwa mwongo. Aliandika kwa muda mrefu sana. Alipomaliza aliomba kuona mgongo wa Baba kama una vidonda vya kulalia, na mara hii hakuangalia saa.

Majibu hayajafika. Wakikataa tena nitakwenda mahakamani, Bi. Sabahat ameshanunua daftari jipya. Lakini wewe usingoje majibu. Mpigie Baba leo umwombe radhi, na usiwe na maelezo mengi. Ukitaka kumfokea mtu, nifokee mimi, saa saba nakuwa nimerudi nyumbani.

Na ile tiketi ya tarehe ishirini, Baba hapandi. Irudishe, ukate ya kuja huku, upande wewe. Njoo ukae wiki moja, umuoshe baba yako. Nitakuonyesha mara ya kwanza tu. Maji yawe ya vuguvugu, uanze na mkono wa kulia ule uliokufa, kwa sababu huo ndio anaouonea haya, ukishapita huo anatulia. Nepi ziko droo ya chini. Usimtazame usoni mpaka umfunike. Na usiseme kitu, Kaka, hata ukijisikia kulia. Mimi nimeweza miaka miwili.

Msalimie Wifi Şengül, mwambie mafuta ya mgando aliyotuma yalifika na Baba anayapenda. Wabusu watoto macho yao. Baba anakusalimu, na safari hii salamu ni za kweli, amenituma mwenyewe, ila hajui mengine niliyoandika.

Mdogo wako,
Nermin