Rula Niliyoipitisha Juu ya Masika

Songea, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri. Nimetoka shuleni Msamala mpaka Majengo viatu vikiwa mkononi, na sasa nimekaa kwenye duka la intaneti, sketi imelowa hadi magotini, naandika haya badala ya kwenda nyumbani kupika. Roho iko juu. Nikiandika huwa natulia kidogo.

Leo asubuhi nimeagiza hisa za baba yangu ziuzwe kwa bei yoyote.

Nianze mwanzo, maana nikiruka nitajidanganya tena. Kampuni za umma zilipoanza kuuzwa kwa wananchi, nilikuwa mwalimu mgeni wa hisabati kule kwetu Namtumbo. Nilirudi nyumbani na fomu mkononi na maneno mengi mdomoni. Baba alikuwa ametoka kulipwa tumbaku yake. Mama alitaka bati. Mimi nikamshawishi Baba anunue hisa. Bati halikununuliwa, na Mama hakuniambia neno baya hata moja, na mpaka leo naona ingekuwa afadhali angelisema.

Ili nionyeshe kwamba sikubahatisha, nikaanza kuweka rekodi. Gazeti lilipofika Namtumbo nilifungua ukurasa wa biashara, nikatafuta bei ya hisa ya kampuni yetu, nikaweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Tarehe huku chini, bei huku pembeni, nukta na nukta nikaziunganisha kwa rula. Miaka mitatu. Mstari ulikuwa unapanda, unapanda, unapanda. Nilikuwa nikiwaonyesha walimu wenzangu kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Mama alifariki mwaka jana, masika kama haya. Tulimzika kwenye shamba la babu, chini kidogo ya mkorosho wa mwisho. Shamba lile kwa urithi ni la Baba mdogo, na wakati ule hakuna aliyeona tatizo. Sasa Baba mdogo anataka mashine ya kusaga, na yuko mtu wa mjini anayelitaka shamba lote ajenge mabani ya kukaushia tumbaku. Baba mdogo si mtu mbaya. Alimfuata kaka yake kwanza, akampa muda: mpaka Jumapili hii, siku ya misa ya mwaka mmoja, ukoo wote ukiwa umekaa. Baba akileta hela, shamba ni lake na kaburi litajengewa. Asipoleta, basi.

Baba alitaka kuuza hisa tangu Januari. Ni mimi niliyemwambia asubiri.

Nilimfungulia grafu mezani. "Baba, angalia. Miaka yote mitatu, masika bei inapanda tu, haijawahi kushuka. Tukisubiri wiki chache tutapata shamba na saruji ya kaburi." Baba si mtu wa kusoma grafu. Alinitazama mimi, si karatasi, akasema sawa, mwanangu. Akasaini fomu, nikazituma Dar kwa dalali wa hisa na kumwambia asiuze mpaka nipige simu.

Juzi gazeti likaja, bei imeanguka. Haikuteleza, imeanguka. Jana ikashuka tena kidogo. Nikapiga hesabu ya Baba kwenye kiganja cha mkono, mbele ya muuza magazeti, nikaona hela ya shamba haitoshi. Sikulala vizuri. Leo saa nne, wenzangu wakinywa chai, nikasimama nyuma ya bohari la shule pale mtandao unapokamata, nikampigia dalali.

"Uza zote," nikamwambia. "Bei yoyote."

"Mwalimu, shikamoo kwanza," akasema, ni kijana mwenye adabu. "Umeangalia daftari la wanahisa limefungwa lini?"

Nikamkata. "Mimi sijauliza daftari. Wewe uza."

Akasema oda za soko la leo zimeshafungwa, ataingiza yangu kesho saa nne asubuhi. Nikasema vizuri, nikakata simu. Nikajiambia nimeokoa kilichobaki.

Kipindi cha saba nina Kidato cha Tatu, na mada, Mungu ana utani wake, ni grafu. Nikawapa zoezi, nikakaa nyuma ya darasa na daftari langu mwenyewe nichore lile anguko. Huwa nawafokea wanafunzi jambo moja hasa: usiunganishe nukta mbili zilizo mbali kama hujui kilichotokea katikati. Nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye madaftari mpaka wino umeniishia. Basi nikashika rula, nikatafuta mwezi huu kwenye miaka iliyopita ili nifananishe, na nikaona kitu ambacho nimekitazama miaka mitatu bila kukiona.

Mwezi huu hauna nukta.

Mwaka wa kwanza, nukta moja mwanzoni mwa masika, kisha peupe, kisha nukta moja baada ya wiki tano. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Katikati ni rula tu, imepita imenyooka kama barabara ya lami.

Kumbe lami ndiyo hatukuwa nayo. Namtumbo ya masika gari linakwama kwenye udongo mwekundu, mwezi na zaidi hakuna gazeti, halafu yanakuja yote pamoja kwenye furushi moja. Nilikuwa nachukua la juu, lile jipya. Mengine nilimwachia mama wa maandazi afungie. Nani asome habari za wiki iliyopita? Bei zilizoshuka zililiwa na mafuta ya maandazi, na bei iliyokwisha kupanda tena ndiyo iliyoingia kwenye grafu yangu. Mwaka huu ni mara yangu ya kwanza kuwa Songea masika, ambako gazeti halikosi kufika. Ndiyo maana naliona anguko kama jambo jipya. Si jipya. Jipya ni mimi kuliona.

Kengele ilipolia sikungoja hata kusahihisha. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Haule, muuza magazeti hapa Majengo. Yasiyouzika huyaweka stoo nyuma, huyauza kwa kilo kwa wenye maduka. Nikamwomba nipekue. Akacheka. "Mwalimu, watu wanakuja kutafuta la kesho, wewe unataka la juzi mwaka jana?" Akanipa kigoda.

Nilipekua zaidi ya saa nzima, vumbi puani. Nikapata magazeti sita ya masika yaliyopita, ya miaka yote mitatu. Yote yanasema kitu kimoja. Kampuni inatangaza gawio, yaani fungu la faida kwa wanahisa, na tarehe ya kufunga daftari. Aliyeandikwa mpaka siku ile atapata gawio, anayenunua kesho yake hapati. Kwa hiyo kesho yake hisa inauzwa bei ndogo, na inapungua karibu sawasawa na gawio lenyewe. Halafu polepole, kwenye miaka yangu mitatu, imepanda tena. Ile hela haikupotea. Imetoka kwenye bei, inakuja kwa hundi. Hundi ambayo Baba hupokea kila mwaka, na ambayo mimi mjuaji nilikuwa naihesabu kama zawadi ya juu.

Dalali aliniuliza swali hilo hilo. Nikamkata kauli.

Lakini sijamaliza. Gazeti la sita ni la mwaka jana. Mwaka jana nilikuwa bado Namtumbo, nikajua sababu ni ile ile, matope. Nikalifungua, nikaona tarehe, nikakaa vizuri kwenye kigoda.

Ni siku tuliyomzika Mama.

Mwaka jana hayakuwa matope. Magazeti yalifika. Ni mimi ambaye wiki tatu nilikuwa kando ya kitanda chake hospitali, halafu msibani, halafu nimelala tu nikitazama ukuta. Niliporudi shuleni nilichukua gazeti la siku ile, nikaweka nukta, nikachukua rula, nikaunganisha. Nikapita juu ya ugonjwa wake, juu ya kifo chake, juu ya mazishi, kwa mstari mmoja unaopanda. Na huo ndio mstari niliomfungulia Baba mezani.

Nililia pale stoo. Bwana Haule akajifanya anapanga magazeti.

Nimempigia dalali mara nne. Simu ya ofisi inaita tu, ya mkononi haipatikani. Soko letu ni dogo, siku nyingine mnunuzi ni mmoja, na mnunuzi mmoja akisikia "bei yoyote" hawezi kutaja bei nzuri. Kesho saa nne oda inaingia. Nisipompata kabla ya hapo, nitakuwa nimeuza kaburi la mama yangu kwa hofu yangu mwenyewe.

Baba nimempata, kwa simu ya duka la kule Namtumbo. Nimemwamkia, halafu nimemweleza yote nikiwa nimesimama kwenye baraza hapa nje, mvua ikinipiga mgongoni. Bei, daftari, gawio, rula. Nimemwambia kwamba hela ipo lakini sehemu yake itakuja kwa hundi, na iliyobaki inahitaji wiki kadhaa bei ipande, na Jumapili hatutakuwa nayo yote. Nimemwambia nilimwonyesha kitu nisichokijua.

Baba akauliza jambo moja tu.

"Hizo siku ulizoziruka mwaka jana," akasema, "ndizo siku ulikuwa na mama yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi hukuruka kitu." Akakohoa. "Lete hayo magazeti Jumapili. Baba yako mdogo anajua kusoma. Tutamwomba hizo wiki."

Sijui kama Baba mdogo atazitoa. Mwenye mabani hana sababu ya kungoja, na mashine ya kusaga haijali misa. Nikiwa mkweli, mimi kwenye nafasi yake nisingejua la kufanya. Lakini nitasimama mbele ya ukoo na magazeti sita, niseme nilikosea wapi, kabla sijamwomba mtu yeyote anisubiri.

Muda wangu wa kompyuta unaisha, mwenye duka ameshaanza kukohoa. Saa mbili asubuhi nitakuwa nyuma ya bohari la shule na vocha mpya. Sitamwambia dalali auze; nitamwomba aifute oda. Nitamwambia shikamoo nimeipokea, kisha nitamjibu swali lake.

Daftari la grafu liko hapa pembeni ya kibodi. Rula nimeiacha stoo kwa Bwana Haule. Nimeweka nukta ya siku ya mazishi mahali pake, chini, pale bei ilipokuwa kweli. Sijaiunganisha na nyingine yoyote.