Maboga ya Mama na Tembo wa Rhotia

Rhotia, Karatu
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Domitila,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba mguu wa shemeji umeacha kuvimba. Mimi mwili hauna neno, ila vidole vinawasha na mikono inanuka hata niisugue vipi. Sababu utaijua huko mbele. Huku ni manyunyu tu, mvua yenyewe bado.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mwezi uliopita nilikudanganya. Uliniuliza kama maboga ya mbegu aliyotuachia mama yamekomaa, nikurudishie mbegu upande msimu huu, maana ya kwako yalikauka yote na jua la mwaka jana. Nikasema yapo, yamenona. Siku ile, dada, yalikuwa yameshaliwa siku tano nyuma. Kwa simu ningekata kabla ya kufika mwisho.

Wewe unadhani bustani ya loji ninayoitunza ni maua na mboga. Bustani ya loji ni mavi. Fungo amechagua tuta la saladi kuwa choo chake, kila siku pale pale, rundo limejaa magamba ya jongoo. Nikizoa anarudi, nikimwaga majivu anarudi. Nyani anauma nyanya mara moja na kuitupa, kisha anapanda meza ya miche na kujisaidia huku ananitazama usoni. Pimbi wamekojolea jiwe langu la kunolea panga mpaka limeota utando wa kahawia. Kinyaa kimenikaa kiasi kwamba mboga za majani sili tena, na Anifa wa jikoni ananitangaza kwa kila mtu.

Wageni ndio wanaonimaliza. Mama mmoja wa Kizungu aliinamia kinyesi cha tembo, akavua kofia akaiweka pembeni yake ili picha ionyeshe ukubwa. Kisha kofia akaivaa.

Sasa huyo tembo. Ni dume la pembe moja, kiangazi hushuka kutoka msitu wa hifadhi akifuata tanki letu la maji. Maboga yalikuwa saba, nyuma ya tanki hilo hilo, nimeyawekea nyasi chini yasioze. Asubuhi nikakuta mashina yamelala na udongo umelowa ute. Saba yote, na maganda yake. Hakubakiza hata kikonyo.

Hasira zikanipanda. Lesiamon, mlinzi wetu, Mmasai wa Arash, huwa anatengeneza matofali ya pilipili. Unaokota kinyesi kibichi cha tembo, unakikanda na pilipili ya kusaga, unakianika, halafu jioni unakichoma pembeni mwa bustani, maana tembo moshi ule hauwezi. Siku zote nilimwachia yeye kazi hiyo kwa sababu ya kinyaa changu. Safari hii, siku mbili baada ya maboga kuliwa, nikaokota mwenyewe, mavi ya dume yule yule kwenye njia yake. Nikakanda matofali kumi na tano, kitambaa puani, uso nimeugeuzia ukutani. Sikutazama nilichokuwa nakanda.

Jioni ya nne ya kuchoma, upepo ukageuka. Chini ya ule ukali wa pilipili ikanijia harufu ya kikaango cha mama, dada. Mbegu za maboga, zile alizokuwa akitumiminia viganjani za moto tukirudi kuchunga. Mate yalinijaa kabla akili haijafika. Kisha akili ikafika. Tembo mbegu hatafuni zote, nyingine anameza tu, na mimi nilikuwa nachoma mbegu za mama jioni ya nne mfululizo.

Nilitapika, sikufichi. Kisha nikaumwagia moto ndoo nzima.

“We Valeriani, unazima dawa? Si atarudi huyu?” akaniuliza Lesiamon.

Nikamwambia arudi tu, hana cha kula tena.

Yalibaki matofali matatu. Nilikaa chini nikayapekua kwa vidole vitupu, maana na glovu sikuwa nahisi kitu. Mabuu meupe yalinitambaa kiganjani, na pilipili ikaniingia machoni kila nilipofuta jasho. Lesiamon alichuchumaa akanisaidia bila hata kukunja pua. Kwao nyumba inasilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. “Haya ni majani tu, rafiki,” aliniambia, “yamepitia kwa mnyama.” Kinyaa hakikupungua hata kidogo.

Tulipata mbegu kumi na nne. Tatu zilikuwa zimepasuka. Mbili nilizipanda kwenye kopo nijue kama zina uhai, na siku ya saba zikachomoza zote. Kopo liko dirishani kwangu, na mbolea yake unaweza kuikisia.

Tisa zilizobaki ziko ndani ya bahasha hii, kwenye kipande cha gazeti. Anakuletea Wilibrodi wa hapa kazini, anayekuja huko likizo, wala hajui amebeba nini. Nimeziosha kwa sabuni mara nne na bado zinanuka kidogo. Ukishazipanda nawa mikono vizuri, na watoto wasizione wakazikaanga. Zaidi ya hizi na miche yangu miwili ya kwenye kopo, hakuna pengine, dada.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na shangazi Stumai. Shangazi ninavyomjua, usimwambie zimepita wapi mpaka awe ameshakula boga la kwanza.

Mungu ailinde nyumba yako, azioteshe hizi tisa, na anisamehe zile nilizochoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Valeriani