Maneno ya Wachukuzi wa Nta

Ng'ambo, Tabora
Septemba 1958

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Kasimiri Shilinde, Kigwa.

Tumsifu Yesu Kristo, Baba, na shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu kwa ile dawa niliyompa Mama, na kwamba hukuipaka mara moja tu ukaisahau dirishani, maana nakujua. Mama msalimie kwa Kinyamwezi, mwambie mwangaluka, na kuku aliyenipa ametotoa. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula na kugombana kama kawaida. Mimi mwenyewe nina furaha, Baba, na yaliyotokea ni mengi hata sijui nianzie wapi.

Nianze na kura. Nimepiga kura! Mwanao, aliyekuwa akifukuza ndege kwenye mtama wako, ameingia bomani akapewa karatasi na serikali, akaulizwa anamtaka nani. Najua utacheka. Ulipokuja kututembelea ulisema kura ni mchezo wa makarani, na kwamba umelipa kodi ya kichwa tangu ujana wako bila mtu kukuuliza lolote. Sikubishii. Hata masharti yenyewe yanakuunga mkono: ni lazima uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na mshahara mnono, au uwe na cheo. Mtaa wetu mzima tuliokubaliwa hatujazi hata benchi moja. Mume wangu Sylvester, ambaye mgongo wake umebeba nusu ya nta ya misitu yote ya miombo ya Sikonge, hakukubaliwa. Mimi mkewe nikakubaliwa kwa kuwa ni mwalimu. Hebu fikiri tulivyokula chakula siku hiyo.

Tena Sylvester alikuwa amekwisha kata tamaa. Unakumbuka alivyokwenda Urambo kung'oa visiki, wakati serikali ilipotuambia karanga zitatutajirisha sote. Karanga zikakataa, matrekta yakaota kutu, na yeye akarudi na shati lake tu. Sasa ni kibarua kwenye ghala la nta karibu na stesheni. Kila asubuhi wanasimama getini, msimamizi anawaonyesha kidole, wewe njoo, wewe rudi nyumbani. Akiugua siku mbili, ya tatu anakuta mtu mwingine amepewa kazi yake. Basi aliniambia wazi kwamba uchaguzi ukipita na hali ikabaki ileile, ataandikishwa manamba aende Tanga kwenye mkonge. Kaka Kornel alikwenda hukohuko kwa miaka miwili, na hii ya nane inakwisha, hata barua haandiki tena. Sikutaka watoto wangu wamjue baba yao kwa jina tu.

Kwa hiyo niliishika ile kura kama dawa. Na wenzake Sylvester wa ghalani waliposikia nimekubaliwa, wakaanza kuja nyumbani mmoja mmoja. Aliyetangulia ni Mabruki, mkubwa wao, yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliketi, akanywa uji wangu wote, kisha akasema amekuja kunipa maneno. Sikumwelewa. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto: mtu akisafiri kwenda kwa wakubwa, hubeba maneno ya waliobaki. Hapo nikakumbuka ulivyotusimulia habari za Babu, kwamba alipokwenda Bagamoyo na msafara alibeba pembe ya ndovu ya bwana begani na maneno ya kijiji kizima kichwani, fulani anauliza habari za mwanawe, fulani anataka jembe, na aliporudi alidaiwa jibu la kila mmoja mlango kwa mlango. Nikaona ni desturi njema, nikakubali. Mjinga mimi!

Wakaja wote. Wengine walileta mihogo, mmoja alileta asali, mke wa Mabruki, Batuli, akaja kuongeza aliyoyasahau mumewe. Nikawasikiliza kila jioni baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Na ajabu, Baba, kila mtu alianza na jambo lake, lakini wote waliishia mahali pamoja: wapewe kazi ya mwezi badala ya kibarua cha kutwa, waache kuchaguliwa getini kama mbuzi mnadani, na mgonjwa akipona akute kazi yake inamngoja. Nikayashika moyoni kama katekisimu.

Siku ikafika. Nilivaa gauni nililoshonewa kwa arusi ya ndugu yetu Veneranda. Ndani ya chumba palikuwa na Mzungu mmoja mzee mwenye uso mwekundu, na karani wetu mmoja. Nikapewa karatasi, nikaelezwa kwamba ni lazima nichague watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, nikiacha mmoja kura yangu yote imeharibika. Hilo nililijua, maana tangu ule mkutano mkubwa wa TANU wa Januari hapa mjini hatuzungumzi kingine. Nikatia alama zangu tatu, mbili kwa furaha na moja kwa kufumba macho, nikatumbukiza karatasi. Kisha nikasimama wima mbele ya yule Mzungu, nikamwambia nimetumwa na wachukuzi wa ghala la nta, na maneno yao ni haya.

Karani alinitazama kama nimevua viatu nikapanda mezani. Akaninong'oneza kwamba hapa, mwalimu, hatusemi, hapa tunatia alama tu. Mzungu akauliza nimesema nini, akafasiriwa. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema yeye kazi yake ni kulinda sanduku, na sanduku halina masikio. Watu wa foleni walikuwa wananisikiliza. Nilitoka jasho likinitiririka.

Na nje walikuwa wananingoja! Mabruki alivaa kanzu ya Idi. Akauliza, haya mwalimu, amejibuje? Ningeweza kudanganya, Baba, na nilitamani sana. Nikasema ukweli, kwamba hakuna aliyepokea maneno, na kwamba mtu tuliyemchagua atakwenda Dar es Salaam kukaa barazani na wengi wasio wetu, na huenda mwaka upite kabla hajapata nafasi ya kututaja. Nyuso zao zilianguka. Sylvester hakunigombeza. Alisema tu kwa upole kwamba Jumatatu wakala wa mkonge anaandikisha watu. Upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Mabruki ndiye aliyetuokoa. Aliuliza, kama huyu Mzungu hana neno juu ya ghala, ni nani mwenye neno? Wakajibu kwa pamoja, msimamizi. Akasema basi mwalimu amekosea mlango, na ule mwingine sote tunaujua, kwa nini tusimpeleke huko. Baba, wale watu walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka mingi na hawakuwahi kujua kwamba wote wanataka kitu kimoja, mpaka walipoleta maneno yao nyumbani kwangu kwa ajili ya sanduku lisilosikia!

Jumatatu palikuwa na behewa la kujazwa nta ya kwenda pwani. Sylvester aliondoka mapema na kifurushi chake cha safari, hata chai hakunywa. Mimi nilitakiwa darasani. Nikaenda ghalani. Wachukuzi waliingia kama kawaida, wakabeba magunia, na walipofika katikati ya uwanja wakatua, kila mtu akasimama kando ya gunia lake kimya, vilevile walivyofanya wapagazi wa zamani bwana alipokuwa mkali njiani. Hapakuwa na jiwe wala tusi. Msimamizi akatoka akipiga kelele. Nikamsogelea nikaanza kusema maneno niliyotumwa.

Nilikuwa nimefika kwenye habari za wagonjwa niliposikia kishindo kidogo nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa Sylvester, ametoka kwenye foleni ya wakala. Hakuwa na gunia, basi alikitua kile kifurushi chake cha safari katikati ya magunia ya nta, blanketi na sufuria yake, akasimama kando yake kama wenzake. Nililia hadharani, wala sioni haya kukuambia.

Msimamizi aliingia ndani kupiga simu, akatoka, akaingia tena. Gari moshi halingojei mtu. Kabla ya adhuhuri alikubali kazi ya mwezi kwa wote walio pale, na mgonjwa mwenye cheti cha daktari asipoteze nafasi yake. Mshahara hakuongeza hata senti, na wanaume wananung'unika kwamba karatasi ya mwezi hailiwi. Hawakosei. Lakini ungewaona walivyojaza behewa lile, wakiimba! Sylvester hakwenda mkonge. Yuko hapa, anatengeneza kitanda cha mtoto, anakusalimu.

Sasa, Baba, kaa chini, maana lipo jambo nililolizunguka tangu mwanzo. Habari zilifika shuleni kabla yangu. Nikaitwa, nikaambiwa mwalimu haongozi migomo, nichague ubao au ghala. Niliomba siku moja ya kufikiri. Sikuihitaji, ila niliogopa kujibu papo hapo nikaonekana sina adabu. Nimeacha ualimu. Wachukuzi wameunda chama, nami ni katibu wao, bila mshahara, na jioni nawafundisha kusoma.

Najua nilichokitupa. Ng'ombe uliowauza ili nifike darasa la nane walikuwa mahari ya Kaka Kornel. Hakuna aliyewahi kunitamkia hivyo, wewe wala Mama, lakini nilikuwa mlangoni siku walipochukuliwa, na nilimwona Kaka akiwasindikiza mpaka njia panda. Alikwenda mkonge kujitafutia wengine ili mimi nisome. Nisingeweza kushika chaki, Baba, huku nikimwangalia Sylvester akipanda gari moshi lilelile. Kama elimu ile ilimgharimu Kaka, nimeitumia kumzuia mwingine asimfuate. Ukiona nimekosa, nikaripie, nitapokea. Lakini usinyamaze.

Msalimie Mama sana, na wote wa Kigwa wanaoniulizia. Jumapili nitashuka kwa gari moshi la asubuhi na watoto wote. Na kama una anwani yoyote ya Kaka Kornel, hata ya zamani, niwekee. Ghalani imebaki nafasi moja ya mwezi, na wachukuzi wote wamekubali isijazwe mpaka yeye ajibu.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Bertila Kasimiri