Rangi Chini ya Bulon

Wamaza, Jumapili asubuhi

Assalam aleikum, Baba,

Umeamka aje huko Kasongo? Magoti yanakubali kuinama msikitini, ao bado unaswali juu ya kiti huku unalalamika? Na Mama, kikohozi kimemuacha? Mimi niko muzima. Nakula, nalala, hata nguo zimeanza kunibana, sababu sombe ya huku, ya majani ya muhogo na mawese, nashindwa kuiacha.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu utanikatiza. Utasema "Zainabu, ulipima?" kabla sijamaliza, nami nitakasirika na kukuficha nusu. Hii nataka uisikie nzima.

Unaijua motokari yetu ya kazi: ile nyumba ya magurudumu ambayo wasafiri Wazungu waliitengeneza ili walale ndani, wakaiacha barabara ilipowashinda. Iko na kitanda, iko na jiko, iko na batri mbili. Moja ni ya kuwasha motere. Ingine ni ya nyumba: inakula jua kutoka plaki ya sola juu ya paa, inalisha taa na friji. Ndani ya friji ndimo tunabeba chanjo. Mimi ni dereva na fundi. Mama Nyota, muuguzi kutoka Bukavu, ndiye anachanja watoto na kuwapa matone ya polio.

Mwezi uliopita nilimuacha na motokari kule Lusangi, nikapanda pikipiki kurudi Wamaza kutafuta mkanda wa motere. Kesho yake nikampigia. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Mama Nyota, friji iko aje?"

"Iko na moto!"

"Aksanti Mungu. Iache vile vile, usiiguse."

"Niiache?"

"Iache, Mama!"

Umeshaelewa, ao bado? Kwetu karakana, kitu kikiwa na moto ni kusema umeme unafika. Lakini Mama Nyota ni muuguzi, miaka yote anashika vipaji vya nyuso za watoto. Kwake yeye, iko na moto ni homa. Alinitangazia mgonjwa, mimi nikamwambia mgonjwa alale tu. Akatii, sababu mimi ndiye fundi. Siku mbili nzima, Baba.

Niliporudi nilifungua friji, hewa ya vuguvugu ikanipiga usoni. Barafu ya akiba ilikuwa imeshakuwa maji.

"Si nilikuambia iko na moto!"

"Mimi nilisikia umeme unafika!"

Siku ingine tungecheka mpaka tukae chini. Siku ile hakuna aliyecheka, sababu kina mama walikuwa wamealikwa asubuhi ileile, na wengine walishaanza kufika na watoto mgongoni.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Batri imekufa, batri ya Wazungu haipendi joto, tafuta batri mpya. Nami nilitaka kuwaamini, unanijua. Lakini nilitoa kipimo chako cha umeme, nikafanya ulivyonifundisha: kupima wakati kitu kiko kazini. Batri, friji ikijaribu kuzunguka: volti kumi na mbili na zaidi. Nzima! Kwenye friji yenyewe: tisa. Inanguruma kidogo, inazima, inajaribu tena. Basi volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Nikafuata waya wa kwenda, fizibli inayoulinda, kila kiungo: hakuna kitu. Nikageukia waya wa kurudi, wa masi, unaofungwa kwenye bati la chini ya gari kwa bulon moja ya kukazwa kwa ufunguo. Zile volti zote zilikuwa zinapotelea pale.

Nikafungua bulon. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijani, mpya, inang'aa. Rangi yangu. Kabla ya safari nilikuwa nimepaka bati lote kuzuia kutu, vizuri kabisa, nikajipongeza, nikarudisha bulon juu ya rangi bila kukwangua, na rangi inazuia umeme. Ningempata fundi mwingine amefanya vile, ningemtukana. Nikakwangua kwa kisu mpaka bati likawa jeupe, nikakaza, na friji ikaanza kuzunguka muda uleule.

Lakini Mama Nyota alikuwa ameshapanga chupa za matone juu ya meza. Kila chupa iko na alama ndogo ambayo joto likizidi inageuka nyeusi. Zote zilikuwa zimegeuka. Akasema polepole, "Hizi haziingie tena mu kinywa ya mutoto." Kisha akaniambia, "Nitawaambia mashini iliharibika."

Baba, nilitaka sana aseme vile. Nilimuacha afike mpaka mlangoni. Halafu nikampita, nikasimama mbele ya wale kina mama nikasema: ni mimi, nilipaka rangi vibaya, dawa zimeharibika, mutatusamehe, mutarudi juma lijalo.

Mama mmoja, Bibiana, alikuwa ametoka kabla ya jua kutoka, na miguu yake yote vumbi. Akaniangalia. "Na hiyo rangi yako, angalau ni muzuri?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alifunga mutoto wake mgongoni, akaenda.

Juma lililofuata tulirudi na chupa mpya, zenye baridi. Walikuja wote isipokuwa yeye. Motokari haipiti kule kwao, basi Mama Nyota na mimi tukaenda kwa miguu, glasiere, sanduku la barafu, begani mwangu. Tulimkuta anatwanga. Hakutusalimia. Alimaliza kutwanga, akapangusa mikono, akamchukua mutoto, na badala ya kumpa Mama Nyota akaniwekea mimi mikononi.

"Mushike wewe," akasema.

Nikamshika. Matone mawili yakaingia. Nililia, Baba, sikuficha, na Bibiana akaniangalia nalia mpaka nikamaliza.

Nisalimie Mama, shangazi Mwajuma na samaki wake wa Nyangwe, kaka Ramazani, mwalimu, ambaye bado anangojea niache magari nirudi kushona nguo. Na wale mafundi wa karakana unaowaambia kila siku kwamba binti yako hakosei: wasomee barua hii, yote, kwa sauti yako. Usiruke mahali pa rangi.

Anayekuheshimu na kukukumbuka,
binti yako, Zainabu