Dafrosa na Neno Alilokataa Kulisikia

Vene, upo? Dafrosa wetu amejifungia ofisini analia. Hata chai hataki.

Sikia. Asubuhi katoto ka darasa la kwanza, Nyamizi, kalimjia mbio kakaanza kumwambia kitu kwa Kinyamwezi. Dafrosa akakakatisha: "Kwa Kiswahili!"

Huyu huyu aliyetoka semina juzi kufundishwa awaache watoto waanze na lugha ya nyumbani!!

Mtoto akahangaika. "Mwalimu... Tatu... Tatu..." Neno likagoma kutoka. "Sema Kiswahili au kakae." Akaenda kukaa. Akakaa, Vene!

Kumbe mwenzake, Tatu, kaumwa na nge nyuma ya choo. Tulipomkuta alikuwa amelegea, jasho linamtiririka. Zahanati wamemwahi, anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu.

Mama yake Tatu akatukuta huko zahanati, akaanza kumpepea mwanawe, akamwuliza Dafrosa kwa Kinyamwezi, taratibu kabisa: "Mwalimu, si wa kwetu wewe? Hukumsikia mtoto?"

Dafrosa angemwelewa Nyamizi, Vene! Kazaliwa Kigwa, Unyamwezini kabisa, yeye na mama yake mpaka leo wanaongea Kinyamwezi. Angemwacha amalize tu.

Unajua Dafrosa alimjibuje yule mama? "Samahani sana, mama." Kwa Kiswahili.

Mama akamgeuzia mgongo, akaendelea kumpepea mwanawe.